Mgeni Aliye Mlangoni

Fundisho kwa wakatekumeni juu ya amri ya kumpenda jirani

Siku za Kwarezima wakatekumeni hukaribia kisima cha ubatizo. Kwa muda mrefu wamejifunza sala, amri kumi za Mungu na sakramenti saba. Wengi wao wameihifadhi vema ile amri ambayo Bwana Wetu Yezu Kristu aliiweka karibu na amri ya kumpenda Mungu, yaani amri ya kumpenda jirani. Mwalimu wa dini akiuliza, hujibu mara moja pasipo kukosea neno. Lakini kuisema amri ni kazi ya ulimi, na kuishika ni kazi ya mikono. Iko saa ambapo jirani hupiga hodi usiku, na mwenye nyumba hajui ni nani. Saa ile ndiyo saa ya mtihani, wala hakuna mwalimu aliye karibu wa kumnong'oneza mwanafunzi jibu.

MFANO WA MAMA MJANE

Katika kijiji kimoja, kando ya barabara itokayo Butembo kwenda Beni, aliishi mama mjane aliyekuwa mkatekumeni. Mumewe alikuwa ameuawa shambani na wale wauaji ambao tangu mwezi wa Oktoba 2014 wamemwaga damu nyingi sana katika nchi ya Beni.

Jioni moja, mvua ikinyesha, watu walipiga hodi kwake. Alipofungua aliona baba mmoja, mkewe mwenye mtoto mgongoni, na watoto wengine wawili waliolowa maji. Mizigo yao ilikuwa mkeka, sufuria na jembe. Kiswahili chao kilikuwa kidogo, na kwa matamshi yao ilijulikana ya kuwa lugha ya nyumbani mwao ni Kinyarwanda. Walisema wametoka upande wa Masisi, nao wanakwenda upande wa Boga, katika Ituri, kutafuta mahali pa kulima. Gari walilopanda lilikuwa limezuiwa njiani, na dereva amekwisha kurudi. Waliomba mahali pa kulala na moto wa kujikausha.

Kabla mama hajajibu, majirani walikuwa wamekusanyika. Mmoja alisema, "Watu hawa ndio wanaowaonyesha wauaji njia." Wa pili alisema, "Serikali imewazuia, basi na sisi tuwafukuze." Wa tatu alisema, "Wiki iliyopita serikali ileile iliwaacha wenzao wapite. Leo imewazuia. Ni nani ajuaye sheria ni ipi?" Vijana wawili walikuwa wamekwenda kuchukua fimbo.

Mama yule alisimama mlangoni. Upande huu aliwaona watoto wanaotetemeka kwa baridi, na upande huu majirani zake, waliomsaidia kumzika mumewe. Alifanya nini? Habari hiyo itasimuliwa mwishoni. Kwanza yafaa kujua kwa nini jambo hili limekuwa gumu hivi, na Mungu amesema nini juu yake.

KWA NINI SHERIA HAIJALIMALIZA JAMBO HILI

Watu wa Kivu wasemao Kinyarwanda hawakufika wote siku moja, wala kwa njia moja. Wako ambao babu zao walikuwa Bwisha, katika Rutshuru, kabla Wazungu hawajachora mipaka. Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walipatana juu ya mipaka ya nchi hizi, na mstari wao ulipita katikati ya watu. Wanande wa Beni na Lubero wanalijua jambo hilo vema, kwa kuwa ndugu zao Wakonjo, wenye lugha moja nao, walibaki ng'ambo, na leo ni raia wa Uganda.

Wako wengine walioletwa na serikali ya Wabelgiji. Tangu mwaka 1937 hata mwaka 1955 serikali ile iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka hasa Masisi. Wengine tena walizikimbia fujo za Rwanda tangu mwaka 1959. Mwisho, mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda, watu zaidi ya milioni moja walivuka mpaka wakaingia Kivu. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto wasio na kosa, lakini kati yao walikuwamo pia wenye silaha na wenye hatia ya damu.

Basi katika hao wote, ni nani aliye raia, na ni nani aliye mgeni? Wakubwa wa nchi wamelijibu swali hili mara nyingi, na aghalabu jibu jipya limelipindua jibu la kwanza. Katiba ya mwaka 1964 ilisema kwamba raia ni yule ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa mtu wa kabila lililokaa Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Rwanda na Burundi wakakaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 iliwanyang'anya tena, ikataka nasaba ya kufika mwaka 1885. Mwezi wa Aprili 1995 Bunge la wakati ule liliazimu kwamba wahesabiwe kuwa wageni. Kisha sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, na katiba ya mwaka 2006, zilisema kwamba ni Wakongo watu wote wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya Kongo siku ya uhuru, mwaka 1960.

Mtu aliyezaliwa Masisi mwaka 1945 na wazazi waliohamishwa kutoka Rwanda, asiondoke tena kijijini mwake, aliweza kuwa mgeni, kisha raia, kisha mgeni tena, naye hakuhamisha hata chungu chake cha kupikia.

Hata leo jambo hili halijaisha. Katika vijiji watu wengi hawana kitambulisho ila kadi ya uchaguzi, na kadi hiyo watu hubishana juu yake. Mwaka 2021 Bunge la Kinshasa liliwekewa mbele muswada uliotokana na mawazo ya Bwana Noël Tshiani, wa kuwazuilia urais na vyeo vingine vikubwa wale ambao baba na mama yao si Wakongo wote wawili. Maaskofu wa Kongo walionya juu ya hatari ya kuwagawa raia wa nchi moja. Muswada haukupitishwa kuwa sheria, na uchaguzi wa mwezi wa Desemba 2023 ulifanyika bila sheria hiyo. Lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kufika sokoni na mashambani, na watu wakaanza kuulizana nasaba.

Wala Kongo si peke yake katika taabu hii. Marekani ni taifa lenye mali na elimu nyingi, lakini sheria yake kubwa ya mwisho ya kuwapa makaratasi wageni waliokuwa wakikaa bila ruhusa ni ya mwaka 1986. Mwaka 2013 baraza moja la Bunge lao, Seneti, lilikubali muswada mpya kwa kura 68 kwa 32, na baraza la pili halikuupigia kura hata mara moja. Mamilioni ya watu wakabaki katikati, kama mtu aliyesimama mtoni, ambaye ukingo huu haumtaki na ukingo ule haumpokei. Wahenga walisema kweli: ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Ndivyo ilivyokuwa hata katika barabara ya Butembo na Beni. Katika miaka ya karibu 2015 familia nyingi za Wahutu kutoka Masisi na Rutshuru zilipita huko zikielekea Ituri ya kusini. Mara walizuiwa, mara walipitishwa. Wengine walisema, "Ni raia, wana haki ya kwenda popote katika nchi yao." Wengine walisema, "Ni wageni wanaokuja kutwaa ardhi." Na swali ambalo Kinshasa haikulimaliza lilishuka garini pamoja na watoto, likapiga hodi kwa watu maskini.

Wenyeji wasilaumiwe kwa kuwa na hofu. Wamezika watu wengi mno. Mwezi wa Januari 2016, huko Miriki katika wilaya ya Lubero, wenye silaha waliwaua watu majumbani mwao usiku. Huko Mbau, Oicha na Eringeti kuna familia ambazo hazina tena baba wala mama. Mtu aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba, na hofu yenyewe si dhambi. Dhambi huanza pale mtu anapoiacha hofu yake iwe hakimu, itoe hukumu na kuchukua panga.

NENO LA MUNGU JUU YA MGENI

Mwenyezi Mungu alipomwita Abrahamu, alimwambia kwanza aiache nchi yake. Baba wa waamini wote alikuwa mgeni. Mkewe Sara alipokufa, Abrahamu hakuwa hata na mahali pa kumzika. Ilimbidi kununua pango la Makpela kwa wenyeji wa Hebroni, kwa fedha iliyopimwa mbele ya watu. Na hapo kwanza, katika mialoni ya Mamre, yeye mwenyewe mgeni aliwakimbilia wageni watatu wakati wa jua kali, akawaletea maji, mkate na nyama. Hakujua kwamba anamkaribisha Mungu.

Waisraeli walipotoka Misri, Mungu aliwaamuru wampende mgeni anayekaa kwao kama nafsi zao, akawapa na sababu: wao wenyewe walikuwa wageni katika Misri. Sababu hii inawahusu pia watu wa Beni na Lubero. Wazee wa Kinande husimulia ya kuwa babu zao walitoka mashariki, upande wa Kitara, wakavuka mto Semliki wakitafuta ardhi njema. Msituni waliwakuta Wambuti. Basi kama kila mtu angedai kwamba aliyetangulia peke yake ndiye mwenye haki ya kukaa, ni wangapi wangebaki? Ardhi yote ni mali ya Mungu, na wanadamu wote ni wapangaji wake.

Tena iko habari ya Ruti. Sheria ya kale ilisema kwamba Mmoabu asiingie katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Ruti alikuwa Mmoabu. Alimfuata mama mkwe wake mjane mpaka Betlehemu, akaokota masuke nyuma ya wavunaji kama maskini wengine. Boazi, mwenye shamba, hakumfukuza. Aliwakataza vijana wake wasimguse, akawaamuru wamwachie masuke makusudi, mwisho akamwoa. Mtoto wao aliitwa Obedi, ambaye baba yake alikuwa Mwisraeli na mama yake Mmoabu. Obedi alimzaa Yese, na Yese alimzaa Daudi mfalme. Mtakatifu Mateo alipoandika nasaba ya Bwana Wetu Yezu Kristu hakulificha jina la Ruti, wala la Rahabu wa Yeriko. Mkristu anayetaka kupima utu wa watu kwa nasaba, na aisome kwanza nasaba ya Mwokozi wake.

Na Mwokozi mwenyewe alikuwa mkimbizi kabla hajajua kutembea. Herode alipotafuta kumwua, Yosefu aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, wakaenda Misri. Injili haitaji jina la Mmisri yeyote aliyempa Bikira Maria maji au mahali pa kulaza Mtoto. Lakini walikaa kule hata Herode akafa, wakarudi wazima. Siku ya mwisho Yezu atawakumbuka wale wote waliompokea katika mtu mgeni, na wengi wao watashangaa, kwa maana hawakujua kwamba ni yeye.

DHAMBI YA KIVUKONI

Katika kitabu cha Waamuzi imeandikwa habari ya kutisha. Watu wa Gileadi walipigana na ndugu zao wa Efraimu, wakavishika vivuko vya mto Yordani. Kila mtu aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, "shiboleti". Watu wa Efraimu hawakuweza kulitamka sawasawa, walisema "siboleti". Basi aliyekosea herufi moja alikamatwa akauawa palepale. Walikufa watu 42,000. Walikuwa ndugu, wana wa Yakobo wote. Waliuawa kwa sababu ya ulimi.

Dhambi hii si ya zamani tu. Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 2014, mjini Beni, katika uchungu wa mauaji ya siku zile, kijana mmoja alishukiwa ndani ya gari la abiria kwa sababu hakujua Kiswahili, na mzigoni mwake lilionekana panga. Umati ulimpiga mawe mpaka akafa, ukauchoma mwili wake na kuutendea mambo ambayo haifai kuyasimulia mbele ya watoto. Hakuna hakimu aliyemsikiliza, wala mkalimani aliyeitwa. Labda alikuwa na hatia, labda hakuwa nayo. Waliomwua hawakungoja kujua.

Amri ya tano inakataza kuua, nayo haikupewa mtu mmoja mmoja tu. Mtu asidhani kwamba jiwe lake halihesabiwi kwa kuwa watu mia wametupa mawe pamoja naye. Mungu hahukumu umati. Kila aliyetupa atahukumiwa kwa jiwe lake, na aliyepiga kelele za kuchochea kwa kelele zake.

Lakini Neema ya Mungu hufanya kazi hata katika nchi ya machozi. Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea watu walioteswa katika mashariki ya Kongo. Kijana mkulima kutoka upande wa Beni, ambaye baba yake aliuawa mbele ya macho yake, aliweka mbele ya Msalaba panga linalofanana na lile lililomwua baba yake. Hakulichukua panga lile kwenda kutafuta wa kulipizwa. Huyo naye ni mwalimu wa dini kwa wakatekumeni wote wa Kivu.

KANISA LAFUNDISHA NINI

Je, Mkristu afungue mlango pasipo akili? Hapana. Mama Kanisa hafundishi ujinga. Mwaka 1952 Papa Pio wa 12 aliandika juu ya wahamiaji na wakimbizi, akawaonyesha Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo chao. Mwaka 1963 Papa Yohane wa 23 alifundisha kwamba mtu ana haki ya kukaa na kwenda mahali pengine katika nchi yake, na ya kuhamia nchi nyingine panapo sababu ya haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaziunganisha haki na wajibu pamoja. Mataifa yenye uwezo yampokee, kadiri yawezavyo, mgeni anayetafuta usalama na riziki. Serikali nayo, kwa ajili ya mema ya watu wote, inaweza kuweka masharti. Na mgeni inampasa kuziheshimu sheria na desturi za nchi iliyompokea, na kuchukua sehemu yake ya mzigo. Wahenga walilijua neno hili waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya kwanza mpe fimbo.

Kwa hiyo mkatekumeni ashike mambo manne.

La kwanza: mgeni apokelewe mchana na kwa uwazi. Asifichwe. Mkubwa wa kijiji na jirani wa karibu waambiwe, jina lake liandikwe, ijulikane ametoka wapi na anakwenda wapi. Uwazi humlinda mwenyeji, humlinda na mgeni.

La pili: akiwapo mwenye kushukiwa kweli, apelekwe kwa wenye mamlaka, akiwa mzima wa mwili. Mkristu haui kwa tuhuma, wala hasimami kutazama wengine wakiua.

La tatu: ulimi ulindwe. Anayesema "kabila lile wote ni wauaji" anavunja amri ya nane, kwa maana anawashuhudia uongo watu asiowajua. Na habari za uongo, hata zikipelekwa kwa simu, ni dhambi ileile ya ulimi.

La nne: mambo ya ardhi yasemwe kwa haki. Mwenyeji asinyang'anywe shamba lake kwa hila, wala mgeni asiuziwe shamba ambalo muuzaji hana haki nalo. Ugomvi mwingi uitwao wa makabila una mzizi wake katika mpaka wa shamba. Abrahamu alipima fedha yake mbele ya mashahidi. Ndiyo njia njema.

Mtu asiseme, "Mimi nitampenda mgeni siku Kinshasa itakapomaliza sheria." Ni haki wakubwa wahimizwe waimalize, na Wakristu waliopewa kura waitumie vema. Lakini Bwana Wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakufungua kitabu cha uraia. Alisimulia habari ya Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, ambaye alimkuta mtu wa damu nyingine njiani akamfunga vidonda. Msamaria hakungoja Wayahudi na Wasamaria wapatane juu ya hekalu. Kama angengoja, mtu yule angalikufa.

Tena gurudumu hugeuka. Anayepiga hodi leo, kesho hupigiwa. Leo Wakongo zaidi ya nusu milioni wanakaa Uganda kama wakimbizi, na wako kati yao waliotoka Beni na kuvuka mpaka wa Kasindi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea katika nchi, na mahali pengi wamepewa vipande vya ardhi vya kulima. Mji wa Butembo nao umejaa watu waliokimbia kutoka Beni na kutoka Lubero ya kusini. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulipotwaliwa, serikali ya jimbo yenyewe ililazimika kuhamia Beni. Ikiwa gavana pia aweza kufika mji mwingine akitafuta mahali pa kukaa, ni nani atakayejisifu kwamba hatakuwa mgeni kamwe?

MWISHO WA HABARI YA MAMA MJANE

Yule mama aliwatazama vijana wenye fimbo, akawaambia, "Mume wangu aliuawa, wala sikuziona nyuso za waliomwua. Lakini watoto hawa nawaona. Hawakumwua." Kisha akamtuma mwanawe akawaite mkubwa wa kijiji na mwalimu wa dini. Walikuja na taa. Mgeni aliulizwa jina lake, la mkewe, na kijiji alikotoka. Yote yakaandikwa katika daftari la shule, mbele ya watu wote. Mizigo yao ikafunguliwa, ikaonekana kuwa ni mkeka, sufuria na jembe. Mkubwa wa kijiji akasema, "Walale hapa usiku mmoja. Kesho nitakwenda nao mwenyewe kwa mwami." Vijana wakarudi makwao. Mmoja wao, kabla ya kuondoka, aliiweka fimbo yake motoni, maana kuni za mjane zilikuwa chache.

Usiku ule mama hakulala vema. Aliogopa, na haikuwa haba. Alikaa macho karibu na moto, akisali sala zile chache alizojifunza. Asubuhi alikuta mgeni amekwisha kuamka, naye analima kando ya nyumba, mahali ambapo mjane hakuwa na nguvu za kulima tangu mumewe afe.

Mwami aliwasikiliza, akaandika barua. Mjini waliambiwa wangoje, kisha waliambiwa warudi, kisha waliambiwa wangoje tena. Hakuna kijijini ajuaye kama walifika Boga au walirudi Masisi. Sheria haikumaliza habari yao. Lakini kwa usiku mmoja watoto watatu walilala kwenye joto, na vijana wawili hawakuwa wauaji. Mbele ya Mungu hayo si madogo. Usiku wa Pasaka mjane yule alibatizwa, na padri alipomwuliza jina alilolichagua, alijibu: Ruti.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA DARASA

Swali: Ni nani jirani wa Mkristu?
Jibu: Ni kila mtu, na hasa yule aliye katika shida mbele yake, awe wa kabila lake au wa kabila jingine.

Swali: Je, serikali ina haki ya kuweka sheria juu ya wageni?
Jibu: Ndiyo, kwa ajili ya mema ya watu wote, lakini haina haki ya kumnyima mtu utu aliopewa na Mungu.

Swali: Mgeni ana wajibu gani?
Jibu: Kuziheshimu sheria na desturi za wenyeji, kufanya kazi, na kutotwaa kitu cha mtu kwa hila.

Swali: Mkristu akiona umati unataka kumwua mtu anayeshukiwa, afanye nini?
Jibu: Asishiriki hata kwa neno, ajitahidi kadiri awezavyo kumwokoa, na kumfikisha kwa wenye mamlaka.

Azimio la juma hili: Kila mkatekumeni amtafute mtu mmoja aliyekimbilia kijijini mwake, amwulize jina lake na habari za kwao, na ampelekee kitu kidogo cha chakula.

Sala: Ee Yezu, uliyebebwa usiku kwenda nchi ya ugeni, uwalinde wote walio njiani. Uwape wakubwa wa nchi hekima ya kumaliza mashauri yao kwa haki. Uiondoe hofu moyoni mwangu, au unipe nguvu ya kutenda mema nikiwa na hofu. Na siku nitakapopiga hodi mlangoni pako, unitambue. Amina.